Mgonjwa wa Moyo na Haki ya Mifupa Yake

Shangazi yangu, aliyeishi maisha yake yote Ngamiani, mjini Tanga, alikuwa na desturi ya kupeleka nguo zake kwa fundi kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, na fundi wake alikuwa ni yule yule mmoja, mzee aliyeketi na cherehani yake barazani kwa muda mrefu hata vipimo vya wateja wake akawa navyo kichwani. Katika mwaka wa nne tangu moyo wake ulipoanza kushindwa na kazi yake, shangazi alimpelekea baibui la mwaka uliotangulia, akashitaki kwamba pindo lake linaburura sakafuni na kumkwaza akipanda ngazi. Fundi alilipima kwa utepe, kisha akampima mwenyewe kutoka begani hadi kifundo cha mguu, akanyamaza kidogo. "Mama, nguo haikurefuka," alisema kwa adabu. "Ni wewe uliyepungua." Shangazi akacheka, akamjibu, "Uzee, fundi, ndio unaonivuta chini pole pole." Pindo likapandishwa inchi moja, na mwaka uliofuata likapandishwa tena.

Haikupita miezi mingi baada ya hapo. Alfajiri moja aliinuka kitandani kwenda msalani kwa mara ya tatu usiku ule, maana kidonge cha kumpunguza maji mwilini alikuwa akikimeza baada ya sala ya isha; kichwa kikamzunguka, mkono ukaukosa ukuta, akaanguka kwa ubavu juu ya sakafu ya saruji. Hakuporomoka kutoka mnazini wala hakugongwa na gari. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe, na nyonga ikavunjika. Mimi ndiye niliyelibeba faili lake siku ile kutoka dirisha moja hadi jingine, na katika kungoja nikalisoma: kurasa nyingi za shinikizo la damu, mapigo ya moyo, uvimbe wa miguu, uzito na dawa, lakini juu ya mifupa yake hapakuwa na mstari hata mmoja, wala kimo chake hakikuandikwa popote. Hospitali yenyewe siitaji, kwa sababu sikusudii kuilaumu. Matabibu wale waliutunza moyo wa shangazi yangu kwa uaminifu uliompatia miaka ambayo hatukuitumaini. Lakini mfupa wake haukuwa na mwenyewe. Daktari wa moyo aliamini ni shauri la daktari wa mifupa, na daktari wa mifupa alimwona kwa mara ya kwanza siku ulipokuwa umekwisha vunjika.

Ninachokidai katika makala hii ni jambo moja: kwamba mtu anayeambiwa leo kuwa moyo wake umeshindwa, aandikwe siku hiyo hiyo kuwa ana mifupa iliyo hatarini, na kuanzia hapo aulizwe, apimwe na kutunzwa kwa mujibu wa hatari hiyo, badala ya kungojwa mpaka avunjike.

Maradhi ya moyo kushindwa, ambayo wengi wetu huyaita moyo kutanuka au moyo mkubwa, si moyo kusimama, kama wanavyodhani baadhi ya watu walisikiapo jina hilo kwa mara ya kwanza na kuingiwa na fadhaa. Ni moyo kuwa dhaifu, au kuwa mgumu, kiasi cha kutoweza tena kusukuma damu kwa kadiri ya haja ya mwili, hata maji yakatuama miguuni, tumboni na mapafuni, na mgonjwa akalazimika kulalia mito mitatu ili aipate pumzi yake. Ulimwenguni kote wanaoishi nayo hukadiriwa kuzidi milioni 60. Utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika zilizo kusini ya Sahara, ukatangazwa mwaka 2012, uliwachunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa maradhi haya, ukakuta wastani wa umri wao ni miaka 52 tu. Na ule uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wagonjwa 427, uliotangazwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa miaka 55. Katika tafiti zote mbili sababu iliyotangulia nyingine ilikuwa shinikizo la damu. Huko Ulaya wagonjwa wa namna hii aghalabu wamekwisha vuka miaka 70. Maana ya tarakimu hizi kwa mifupa ni nzito: mwanamke wa kwetu huelekea kupatwa na udhaifu wa moyo katika miaka ile ile ambayo hedhi inakatika na homoni iliyokuwa ikimlinda mifupa inamtoka, na kama dawa zitamrefushia maisha, kama tunavyoomba na kama zinavyofanya siku hizi, atakaa na misiba hiyo miwili kwa muda mrefu.

Tumezoea kuufikiri mfupa kama boriti ya mkoko iliyopachikwa darini, ambayo ikisha wekwa imekwisha, haiongezeki wala haipungui mpaka nyumba ianguke. Sivyo ulivyo. Mfupa ni kitu hai. Hubomolewa na kujengwa upya siku zote, hata ikasemwa kwamba katika muda wa miaka kumi hivi mtu mzima huwa amejengewa karibu mifupa mipya. Ndani yake imehifadhiwa asilimia 99 ya kalisi yote ya mwili, kama mali iliyowekwa katika beitulmali, na ile kidogo iliyobaki huzunguka ikifanya kazi ambazo mwili hauwezi kuziahirisha hata kwa saa moja: kukaza misuli, kugandisha damu penye jeraha, na kuupigisha moyo wenyewe, maana hapana pigo la moyo lisilohitaji kalisi. Kwa hiyo kalisi inapopungua katika damu, tezi nne ndogo zilizojificha shingoni, ziitwazo parathairoidi, hupeleka amri mfupani, na beitulmali hufunguliwa. Mfupa hutoa bila ya kulalamika. Na kwa kuwa haulalamiki, mwenyewe hajui kwamba anakula akiba mpaka hazina imekaribia kukauka. Hali hiyo ya mfupa uliolika kwa ndani ndiyo inayoitwa osteoporosisi, na aliyeuona mfupa wa namna hiyo kwa hadubini ataukumbuka mwamba wa matumbawe uliotobolewa na mawimbi: umbo lake lingalipo, lakini nguvu yake imekwisha ondoka. Wahenga walisema nyumba ya udongo haihimili vishindo, na shangazi yangu alikuwa akiishi ndani ya nyumba hiyo pasipo yeyote kati yetu kuijua.

Pengine msomaji atadhani kwamba ninaukuza msiba wa nyumba moja na kuufanya kanuni. Na atazame basi walivyokuta watafiti wa jimbo la Alberta, nchini Kanada, katika kazi waliyoitangaza mwaka 2008. Walifuata wagonjwa 16,294 wa maradhi mbalimbali ya moyo na mishipa, wakauliza ni wangapi waliovunjika mfupa katika mwaka mmoja. Miongoni mwa wale waliokuwa na moyo ulioshindwa walivunjika asilimia 4.6, na miongoni mwa wenye maradhi mengine ya moyo, asilimia 1.0. Walipokwisha kuondoa tofauti za umri, jinsia na maradhi mengine, hatari ilibaki kuwa mara nne, na kwa mfupa wa nyonga peke yake ilikuwa mara sita. Mwaka uliofuata, watafiti wa Uswidi wakatangaza uchunguzi wa mapacha 31,936 waliozaliwa kati ya mwaka 1914 na 1944: wale waliopatwa na udhaifu wa moyo walikuwa na hatari ya kuvunjika nyonga zaidi ya mara nne ya wasiokuwa nao, na lililoshangaza zaidi ni kwamba hata pacha wa kufanana ambaye moyo wake ulikuwa mzima alikuwa na hatari iliyoongezeka, kama kwamba moyo na mfupa vimeandikiwa urithi wao katika waraka mmoja. Na mwaka 2011, madaktari wa Alberta tena waliziangalia upya picha za eksirei za kifua ambazo wagonjwa 623 wa kliniki ya moyo walikuwa wamekwisha kupigwa kwa ajili ya moyo na mapafu yao. Wakakuta kwamba mgonjwa mmoja na zaidi katika kila kumi alikuwa na pingili za uti wa mgongo zilizopondeka, na kwamba wengi wao hawakuwa wakipewa tiba yoyote ya mifupa.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Shangazi yangu naye alipigwa picha ya kifua, si mara moja. Kila mara iliinuliwa mbele ya taa, ikatazamwa ukubwa wa moyo, ikatazamwa maji ya mapafuni, ikarudishwa katika bahasha. Na uti wa mgongo wake, uliokuwa ukipondeka pingili baada ya pingili, ulikuwa pale pale katikati ya picha, nyuma ya moyo uliokuwa ukitazamwa. Fundi wa cherehani kwa utepe wake aliliona jambo ambalo lilikuwa limechorwa wazi katika bahasha ya hospitali. Wala si umbo tu linaloharibika hapo, kwa sababu mgongo unapopinda kifua hubanwa, mapafu yakakosa nafasi, na mgonjwa aliyekuwa akihema kwa sababu ya moyo akazidi kuhema kwa sababu ya mfupa, huku kila mtu akidhani kwamba ni moyo peke yake unaozidi kudhoofika.

Sasa tuangalie jinsi maradhi haya yanavyoifungua ile hazina, maana ufunguo wake si mmoja. Wa kwanza umo katika dawa yenyewe. Furosemaidi, ambayo wagonjwa wengi huijua kwa jina la Lasix, ni neema kubwa. Ndiyo inayomwondoshea mtu maji yaliyomlemea kifuani hata akalala usiku, na atakayeiacha kwa sababu ya kusoma maneno yangu atakuwa ameidhulumu nafsi yake. Walakini dawa hiyo, inapoyaamuru mafigo yatoe maji na chumvi, huyafanya yatoe na kalisi pamoja navyo, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Ufunguo wa pili ni homoni iitwayo aldosteroni, ambayo mwili wenye moyo dhaifu huizidisha kwa kudhani kwamba umepungukiwa na damu, nayo pia hupoteza kalisi kwa njia ya mkojo. Wa tatu ni mafigo, ambayo yakikosa damu ya kutosha hushindwa kuikamilisha vitamini D, na bila ya vitamini hiyo matumbo hayawezi kuipokea sawasawa kalisi iliyomo katika chakula. Wa nne ni ule mwako wa ndani kwa ndani ambao maradhi ya muda mrefu huuwasha mwilini, unaowatia nguvu wabomoaji wa mfupa na kuwalegeza wajenzi wake. Na wako wagonjwa wanaomeza warfarini ili damu isigande, dawa inayozuia kazi ya vitamini K, vitamini ambayo mfupa nao huihitaji. Hakuna hata moja katika hizi inayotosha peke yake kumwangusha mtu. Balaa ni kwamba zote hukutana katika mtu mmoja.

Lakini ufunguo ulio mkubwa kuliko yote tunao sisi wenyewe, mkononi, na tunaugeuza kwa huruma. Mwaka 1892 mwanazuoni wa Kijerumani Julius Wolff aliandika kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaobeba, na ukikosa mzigo hujipunguza. Na zama zetu zimeishuhudia kanuni hiyo mbinguni, kwani wanaanga, watu teule wenye siha kamili, hupoteza karibu asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi wanaoelea bila ya uzito. Sasa mkumbuke mgonjwa wa moyo katika nyumba ya Kiswahili. Siku ile tulipopewa habari ya maradhi ya shangazi, tulimkataza kuchota maji. Mwezi uliofuata tukamkataza kufagia uwanja. Kisha tukamwondolea ungo wa kupepeta mchele, kisha kinu, kisha ngazi ya kwenda sokoni. Tulimtoa barazani, alipokuwa akiota jua la asubuhi na kusalimiana na wapitao, tukamweka chumbani penye kivuli na feni, tukamletea kila kitu mkononi, na majirani wakatusifu kwamba tunajua kutunza mzazi. Kwa mapenzi yote hayo tulimweka katika hali inayokaribia ile ya mwanaanga: mwili usiobeba kitu. Wala sayansi ya leo haitaki hivyo. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa kwa wagonjwa 2,331, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2009, lilionyesha kwamba mazoezi yaliyopimwa na kusimamiwa ni salama kwa mgonjwa wa moyo aliyetulia. Kutembea kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, kuinuka kitini na kuketi tena, kupepeta mchele wake mwenyewe, haya kwa idhini ya daktari ni dawa ya mfupa na ya moyo kwa pamoja.

Na jua, je? Wako wanaosema kwamba maradhi ya upungufu wa vitamini D ni ya nchi za theluji, na kwamba sisi tuliobarikiwa jua mwaka mzima hatuna haja ya kuyafikiri. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania kwa Wamasai na Wahadzabe, ukatangazwa mwaka 2012, ulikuta katika damu yao wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii hata wakati wa kiangazi. Lakini Mmasai na Mhadzabe wako nje tangu macheo hadi machweo. Mgonjwa wetu yumo chumbani, dirisha limefungwa, na jua halimfikii kwa sababu tu liko juu ya paa. Ngozi nyeusi, ambayo Mwenyezi Mungu ametupa iwe kinga yetu, huhitaji muda mrefu zaidi wa jua ili itengeneze kiasi kile kile cha vitamini. Huko Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, daktari Karl Weber na wenzake waliwachunguza Wamarekani weusi waliolazwa kwa moyo ulioshindwa, wakakuta upungufu wa vitamini D pamoja na tezi za parathairoidi zilizokuwa zikifanya kazi kupita kiasi. Watu wale huhesabiwa kuwa na mifupa mizito kuliko Wamarekani weupe, lakini maradhi yalipowafungia ndani, uzito huo haukuzizuia tezi zao kuuomba mfupa utoe akiba. Asiwepo basi anayejifariji kwa kusema kwamba mifupa ya Mwafrika haivunjiki.

Katika chakula, mgonjwa wa moyo wa pwani ana mtihani ambao wa bara pengine hana. Kitoweo chetu cha akiba ni papa na ng'onda, na vyote viwili hukaa kwa chumvi. Kila mgonjwa huambiwa kwamba chumvi huyarudisha maji mwilini na kuulemea moyo; wachache huambiwa kwamba chumvi inapotoka na mkojo huifuatisha kalisi, kwa hiyo kipande kile kile cha papa huudhuru moyo na mfupa kwa mlo mmoja. Badala yake tunayo neema ambayo tumeipa cheo cha chakula cha mnyonge: dagaa, ambao kwa kuwa huliwa pamoja na miiba yao, humpa mlaji kalisi nyingi kwa bei ndogo. Sharti lake ni moja, kwamba wale waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa warowekwe, maji yamwagwe, waoshwe tena, ndipo wapikwe kwa nazi kidogo na ndimu, bila ya kuongezwa chumvi. Uji wa wimbi nao, ambao wengi humpa mtoto na kumnyima mzee, una kalisi kuliko nafaka nyingine tulizonazo. Mtindi usiotiwa kitu, ufuta, na majani ya kunde hukamilisha sinia hilo, na hapana hata kimoja ambacho hakipatikani katika soko la Ngamiani.

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni pingamizi la insafu. Watasema: nchi ambayo wagonjwa wake wengi hufika hospitali wakiwa wamekwisha zidiwa, na ambayo kipimo cha moyo chenyewe hakijaenea kila wilaya, itaanzaje kuzungumza habari ya mifupa? Mashine ya DEXA, ambayo hupima wingi wa madini mfupani, na ambayo kwa kipimo chake Shirika la Afya Duniani lilitoa tafsiri ya osteoporosisi mwaka 1994, ni adimu katika Afrika ya Mashariki na iko katika miji mikubwa michache. Haya yote nayakubali. Lakini mambo ninayoyaomba hayangoji mashine. Kumpima mgonjwa kimo kila mwaka kwa rula iliyopigwa msumari ukutani hakuhitaji bajeti. Na aliyepungua sentimita mbili tangu alipopimwa mara ya mwisho, au nne tangu ujana wake, ameshatoa dalili. Kumwuliza kama ameanguka katika mwaka uliopita, na kama amepata kuvunjika mfupa kwa kishindo kidogo, huchukua muda wa kumfunga mkono kitambaa cha kupimia presha. Kuutazama uti wa mgongo katika picha ya kifua ambayo imekwisha pigwa na kulipiwa ni kugeuza jicho tu. Na kukihamisha kidonge cha kukojoza kutoka usiku hadi asubuhi, pale daktari anapoona inafaa, huenda kukamwepusha mtu na safari tatu gizani.

Pale Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa zimo katika uwanja mmoja, hata mtu aweza kutoka katika moja akaingia katika nyingine kwa miguu. Nawaona majirani hawa kuwa ni ishara njema, na ombi langu kwa wakuu wa afya, Tanzania na Kenya pia, ni kwamba ujirani huo wa kuta uandikwe katika mwongozo: kadi ya kliniki ya moyo, kuanzia hospitali ya rufaa hadi kituo cha afya cha kata, iwe na mstari wa kimo, mstari wa kuanguka na mstari wa kuvunjika, pamoja na maelekezo ya mahali pa kumpeleka anayeonekana yumo hatarini. Dawa za kuimarisha mifupa zipo, na nyingine, kama vile alendroneti, humezwa mara moja tu kwa juma. Lakini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na mmezaji asilale kwa nusu saa ili zisimchome umio, na sharti mafigo yapimwe kwanza, jambo ambalo kwa mgonjwa wa moyo halina mzaha.

Kwa sababu hiyo hiyo nawahadharisha wasomaji wasikimbilie madukani kununua vidonge vya kalisi na vitamini D kwa kukisia. Kalisi iliyozidi katika damu ya mtu anayetumia digoksini yaweza kuuvuruga mwendo wa moyo wake kwa hatari. Wala vitamini D si tiba ya moyo: jaribio lililofanywa Ujerumani kwa wagonjwa 400, likatangazwa mwaka 2017, liliwapa nusu yao vitamini hiyo kwa kiwango kikubwa muda wa miaka mitatu, na vifo havikupungua. Mwenye upungufu arudishiwe alichopungukiwa, kwa kipimo na kwa ushauri.

Tukija nyumbani, amri ni ya jamaa. Taa iwashwe usiku katika njia ya msalani. Mkeka ulioinuka pembe uondolewe, na sakafu ya bafu ikaushwe. Mgonjwa aketi ukingoni mwa kitanda kwa kitambo kabla ya kusimama, ili damu ipate kumfikia kichwani. Bakora aliyoionea haya iwekwe karibu na mkono wake. Na asubuhi, kabla jua halijawa kali, atolewe barazani. Nimewasikia wengi, na mimi mmoja wao siku ile ya msiba, wakisema kwamba kuanguka ni kudra. Kila kitu ni kudra, wala siipingi. Lakini tawakali haikumkataza mtu yeyote kuwasha taa.

Shangazi alifanyiwa operesheni, na mfupa ukaungwa kwa chuma na mikono hodari. Moyo wake, hata hivyo, haukuyastahimili majuma ya kulala chali; maji yalirudi, pumzi ikafupika, na Ramadhani iliyofuata haikumkuta. Tulipokuwa tukigawa vitu vyake, baibui lile liliniangukia mimi, na nilipoligeuza nikaona katika kitambaa cheusi mistari miwili iliyopauka, mmoja juu ya mwingine, mahali pindo lilipokuwa kabla ya kupandishwa mara ya kwanza na mara ya pili, kama alama ambazo maji huacha ukutani yanapokupwa. Miaka miwili ya maradhi ya mifupa ilikuwa imeandikwa pale kwa sindano na uzi, nasi tuliokaa naye nyumba moja hatukuisoma.

Utepe wa fundi wa cherehani wauzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Atakayempeleka mama yake au baba yake kliniki ya moyo juma lijalo na autie mfukoni pamoja na kadi, na kama hapana atakayeuliza habari ya kimo, ampime yeye mwenyewe ukutani, akiandike kipimo hicho juu ya kadi kwa wino, na kumwonyesha daktari.